JE, KIPIMO CHAKO NI CHA KWELI?

Huku kwetu Mbumbuni mashamba mengi yametenganishwa na mstari wa makonge tu. Konge likisogezwa usiku, asubuhi majirani wako tayari kutoana ngeu. Hapo ndipo mpimaji huitwa, na akishataja nambari zake kila mtu hunyamaza. Lakini nambari zenyewe, nani amezipima?

Muhula uliopita wanachama wachache tulipima uwanja wetu kwa utepe wa chuma wa mita 30 na dira. Tulianzia kona moja, tukazunguka mita 420, tukarudi pale pale. Kumbe kwenye karatasi mstari wa mwisho ulikataa kukutana na wa kwanza! Pengo lilikuwa sentimita 84. Tulichekwa sana, ila pengo hilo ndilo lililotufunza. Wapimaji huligawanya kwa urefu wa mzunguko mzima. Sisi tulipata moja kwa 500, hesabu ambayo mpimaji hasa asingeikubali.

Mkosaji mkubwa alikuwa mteremko. Ramani huhesabu umbali wa tambarare, kwa hiyo utepe wa mita 30 uliolazwa juu ya mteremko wa nyuzi 10 ni mita 29.54 tu. Wengine walisingizia jua, ati chuma kilitanuka. Ni kweli hutanuka, lakini joto likizidi kwa nyuzi 15 utepe huo huongezeka kama milimita 5. Jua halina hatia hapo.

Sasa sikiliza maajabu. Tuseme utepe ulikatika, ukaungwa, ukapungua sentimita 10. Ukizunguka nao uwanja, mstari utafunga vizuri kabisa! Kila upande umekosewa kwa kiasi kile kile, basi umbo linabaki sawa na ukubwa unakuwa wa uongo. Kipimo kimekubaliana na nafsi yake tu. Ndiyo maana utepe hulinganishwa na mwingine unaoaminika, na kazi hushikizwa kwenye bikoni zilizokwisha kupimwa na wengine.

Simu nazo zina kiini macho chao. Simama mahali peupe, soma setilaiti mara kumi: majibu yatatofautiana kwa mita chache tu. Yaweke basi kwenye ramani ya zamani ya Kenya ya 1:50,000 bila kuyageuza, nawe utajikuta karibu mita 300 kutoka uliposimama, yaani milimita 6 kwenye karatasi. Simu haikukosea, wala ramani. Ramani hiyo hufuata mfumo wa Arc 1960, ulioitwa hivyo kwa sababu ya tao lililopimwa kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, toka Afrika Kusini hadi Misri kupitia Uganda, kazi iliyokamilika mwaka 1954. Simu hutumia WGS 84, na mifumo hii miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia wala kitovu chake.

Kwa hivyo usimng'olee jirani konge kwa sababu simu imesema. Hata Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yasema ramani ya masjala huonyesha mpaka wa kukadiria tu, isipokuwa pale ilipoandikwa kwamba umepimwa ukathibitishwa. Mkibishana, msajili wa ardhi ndiye wa kuamua.

Sisi tumeazima utepe mwingine. Jumamosi tunazunguka uwanja tena, safari hii kinyumenyume, na utepe tutaushika tambarare.