Sabuni ya Kuyeyusha: Kazi ya Jikoni Isiyohitaji Kostiki

Akina mama wengi wamejifunza kutengeneza sabuni ya mche nyumbani ili kuongeza kipato cha familia. Kazi hiyo ni njema, lakini ina adui mmoja: kostiki. Chembe zake nyeupe hufanana na chumvi, na zikishayeyuka hufanana na maji ya kunywa. Mtoto akionja, kinywa na umio huungua, na kovu lake linaweza kubana njia ya chakula maisha yake yote. (Mtoto aliyemeza kostiki asitapishwe. Akimbizwe hospitali mara moja.)

Mama mwenye watoto wadogo anayo njia nyingine, nayo ni sabuni ya kuyeyusha.

Ni sabuni ya namna gani?

Sabuni hupatikana mafuta yanapoungana na kostiki. Hapa kiwanda kimekwisha kuifanya kazi hiyo ya hatari, kikaongeza gliserini na vitu vingine vinavyoifanya sabuni iyeyuke kwa moto mdogo na kuganda tena. Huuzwa kwa kilo, nyeupe au angavu, katika maduka ya malighafi za sabuni. Ni ya kuogea na kunawia mikono. Kwa kufulia ni ghali na huisha upesi. Usijaribu kuyeyusha mche wa kawaida badala yake, kwani hugeuka bonge zito lisilomiminika.

Mahitaji

• Sabuni ya kuyeyusha, kilo 1
• Manukato ya sabuni, gramu 10 hadi 20, yapimwe kwa mizani
• Rangi ya sabuni, matone machache
• Sufuria kubwa, na bakuli la chuma linaloingia ndani yake
• Vikombe vya plastiki vya mtindi, au paketi za maziwa zilizooshwa na kukaushwa
• Karatasi ya nailoni ya kufungia

Namna ya kutengeneza

1. Kata sabuni vipande vidogo ili iyeyuke kwa pamoja.
2. Chemsha maji kidogo katika sufuria, kisha weka bakuli lenye sabuni juu ya maji hayo. Ukitumia jiko la mkaa, punguza makaa.
3. Koroga polepole. Ukipiga kwa nguvu utaingiza mapovu.
4. Ikishayeyuka, ipua mara moja. Sabuni isichemke, maana hupoteza maji, hubadilika rangi na kunuka kuungua.
5. Tia rangi, kisha manukato, ukoroge taratibu.
6. Mimina katika vikombe, uache saa 3 au 4 mahali pasipoguswa.
7. Toa sabuni na uifunge kwa nailoni siku hiyo hiyo.

Usiipuuze hatua ya mwisho. Gliserini huvuta unyevu wa hewa, na sabuni iliyoachwa wazi hutoa matone kama jasho, hasa kwa wanaoishi pwani au wakati wa masika. Haijaharibika, lakini mteja atadhani imeharibika.

Usitie kila kitu

Hapa ndipo wengi hupoteza mtaji. Maziwa mabichi, juisi ya tango au papai lililopondwa huoza ndani ya sabuni. Maji ya ndimu huiharibu sabuni yenyewe. Mafuta ya nazi yasizidi kijiko kimoja kwa kilo, la sivyo sabuni italainika na povu litapungua. Mafuta ya karafuu ni makali kwa ngozi. Matone machache yanatosha kwa kilo nzima. Ukitaka kitu cha kusugua, tumia shayiri kavu iliyosagwa laini.

Usitie dawa, wala usiahidi kwamba sabuni yako inaponya vipele au kung'arisha ngozi. Sabuni husafisha, na hiyo ni sifa ya kutosha.

Moto bado ni moto

Kostiki haipo, lakini sabuni iliyoyeyuka hunata mwilini na kuunguza. Watoto wasicheze karibu, na mshikio wa sufuria uelekee ukutani. Akiungua mtu, mwagia mahali hapo maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake siagi, dawa ya meno wala yai. Jeraha kubwa, au la mtoto mdogo, lipelekwe kituo cha afya.

Je, inalipa?

Kilo 1 hutoa vipande 10 vya gramu 100. Jumlisha bei ya sabuni, manukato, rangi, nailoni, mkaa na nauli ya kwenda dukani, kisha ugawe kwa 10. Hiyo ndiyo gharama ya kipande kimoja kabla hujalipwa jasho lako. Mara nyingi haitashindana na sabuni ya dukani kwa bei. Soko lake ni zawadi za harusi, za mama aliyejifungua, na nyumba za wageni. Anza na kilo 1, itumieni wenyewe nyumbani kwa wiki mbili, ndipo uamue. Ukitaka kuuza madukani, uliza kwanza ofisi ya viwango ya nchi yako kuhusu kibali na lebo.

Faida ya kwanza, hata hivyo, haiko sokoni. Ni kuweza kufanya kazi ya mikono jikoni bila kuwa na kopo la kostiki chini ya meza.