Ng'ombe hushiba ngitili, lakini hakonda kwa kukosa nyasi

IFIKAPO Agosti, nyasi za maeneo ya wazi ya Kishapu, Shinyanga Vijijini na Bukombe huwa zimekwisha. Hapo ndipo mfugaji hufungua ngitili, neno la Kisukuma kwa eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kuachwa hadi katikati ya kiangazi, nyasi zikauke zikiwa zimesimama.

Utaratibu huo nusura upotee. Misitu ilifyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na uhamishaji wa watu kwenda vijijini miaka ya 1970 ukawatenga wengi na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Hadi unamalizika mwaka 2004, hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia Bukombe, iliyoingia Mkoa wa Geita mwaka 2012.

Hata hivyo, nyasi zilizokaukia shambani zina kasoro. Zikishachanua, shina hukakamaa, majani hupukutika na protini huweza kushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukihitaji ili kuzisaga. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, mnyama hula kidogo, maziwa hukauka. Ndiyo maana ng'ombe hukonda akiwa amezungukwa na nyasi.

Njia iliyopo ni kukata sehemu ya ngitili mara nyasi zinapoanza kuchanua, mvua zikipumzika, na kuzianika siku mbili au tatu huku zikigeuzwa, zibaki na rangi ya kijani. Mashine si lazima. Boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, pamoja na kamba, hutoa robota la kilo 20 hivi. Ng'ombe kumi wanaochunga mchana, kila mmoja akiongezewa kilo mbili, humaliza robota moja kwa siku. Kwa miezi mitatu ni marobota 90. Wanaonyonyesha wapewe kwanza.

Wengi humwaga nyasi hizo zizini au kando ya lambo, mahali palepale kila siku. Ni hasara: samadi hurundikana huko, na ardhi ya lambo hukanyagwa hadi ikawa vumbi. Zitandazwe ndani ya ngitili, kwenye vipara, na mahali pabadilishwe kila siku. Mkojo na samadi hubaki panapohitajika, na masalia hufunika udongo.

Karibu na machimbo madogo ya dhahabu kuna sababu nyingine. Miti ya ngitili hukatwa kwa ajili ya matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisiporomoke, na mashimo mengine huachwa wazi. Mwenye marobota huchagua mahali pa kulishia. Asiye nayo hufuata nyasi ziliko, hata kama ni ukingoni mwa shimo.