Je, Wajua Rimoti ya Kiyoyozi Husema Nini?

Chukua rimoti ya kiyoyozi, ielekeze kwenye kamera ya simu yako, kisha bonyeza kitufe chochote. Kwenye kioo cha simu utaona nuru ya zambarau ikimetameta mahali ambapo macho yako hayaoni kitu. Kamera ya nyuma isipoionyesha, jaribu ya mbele, kwa kuwa baadhi ya simu huchuja nuru hiyo. Ni miale ya infraredi. William Herschel aliigundua mwaka 1800 huko Uingereza, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga uliopitishwa kwenye mche wa kioo, akaona joto linapanda pasipo na rangi yoyote. Rimoti nyingi hutoa miale ya nanomita 940 hivi, nalo jicho la binadamu huishia karibu na 700.

Nuru hiyo huwaka na kuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi kilichomo kwenye kiyoyozi husikiliza kasi hiyo peke yake. Jua linalopenya dirishani lina infraredi tele, lakini halipigi mapigo ya namna hiyo, basi kipokezi hulipuuza. Ujumbe wenyewe huandikwa kwa vipindi vya nuru na giza: giza fupi ni sifuri, giza refu ni moja. Katika itifaki ya NEC, inayotumiwa na televisheni nyingi, kila amri hutanguliwa na nuru ya milisekunde 9 na giza la milisekunde 4.5, kisha biti 32, basi.

Kiyoyozi kina mpango tofauti kabisa, na ndio unaonivutia kuliko kitu kingine chochote katika mashine hii.

Rimoti ya televisheni hutuma amri moja moja: ongeza sauti, badilisha chaneli. Ile ya kiyoyozi haitumi "ongeza nyuzi moja". Unapotoka 23 kwenda 24, hutuma hali nzima upya: uwe umewaka, upoze, nyuzi 24, feni kasi ya kati, upepo upande na kushuka, saa ya kujizima haijawekwa. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani na kumsomea orodha yote tangu mwanzo kila unapoongeza kitu kimoja. Ndiyo maana ujumbe wake ni mrefu. Kwenye rimoti nyingi za Mitsubishi Electric hufika biti 144. Kwenye baadhi ya zile za Daikin ni 280. Ndani yake huwekwa pia namba ya kuhakiki, inayokokotolewa kutokana na ujumbe wenyewe. Isipolingana, kiyoyozi hakitii.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu namba unayoisoma iko mkononi mwako, na kiyoyozi hakina njia ya kuijibu rimoti. Kama ingetumwa "ongeza moja" huku mtu anakatiza mbele, rimoti ingeandika 24 na kiyoyozi kingebaki 23, na tofauti hiyo isingeisha. Hali nzima ikitumwa, kilichopotea hurekebishwa na bonyezo linalofuata.

Uamuzi huo wa wahandisi wa zamani ndio unaokiwezesha kiyoyozi cha miaka 15 iliyopita kuongozwa kwa simu leo. Kompyuta haihitaji kujua kiyoyozi kiko katika hali gani. Inatuma hali inayotakiwa, na ikirudia mara mbili hakuna kinachoharibika. Zipo aina chache ambazo kitufe cha kuwasha ndicho hicho hicho cha kuzima, na hizo husumbua kweli. Nyingi haziko hivyo.

Vifaa ni vichache. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu iitwayo ESP8266, yenye waifai ndani yake na bei ya dola chache tu. Huongezwa taa ya LED ya infraredi na transista moja, kwa sababu pini ya chipu hutoa mkondo wa miliampea 12 tu na taa hiyo huhitaji kama 100 ili ifike ng'ambo ya chumba. Programu huria iitwayo IRremoteESP8266 inazijua itifaki za kampuni nyingi. Usinase ishara ya kitufe kimoja kimoja kutoka kwenye rimoti kama wafanyavyo wengi, maana kila ulichonasa ni hali nzima ya dakika ile, pamoja na kasi ya feni usiyoikumbuka. Iache programu iutunge ujumbe. Mfumo kama Home Assistant huendesha ratiba humo humo nyumbani, hata intaneti ikikatika. Asiyetaka kushika chuma cha kulehemu atapata vifaa vilivyo tayari, kama vya Broadlink.

Waifai hupita ukutani. Infraredi haipiti hata pazia zito. Kifaa lazima kikione kiyoyozi, na kila chumba kitahitaji cha kwake.

Linalobaki gumu ni ule ukimya. Kiyoyozi kikisikia, hulia "bip", na simu yako iliyo kazini haisikii. Mtoto akishika rimoti ya zamani, mfumo hautajua, isipokuwa umeuwekea kipokezi chake. Dawa nzuri ni kipimajoto kidogo mbele ya tundu la upepo: hewa ikipoa ndani ya dakika chache, amri imefika. Bila hicho, usiamini neno "kimewaka" lililoandikwa kwenye simu.

Na usijaribu njia ya mkato ya kukata umeme kwa soketi janja. Kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, nazo soketi nyingi hazikuundwa kwa mzigo huo. Tena ikizimwa inahitaji kama dakika 3 ili shinikizo la gesi lisawazike kabla ya kuanza tena.

Kwa anayeishi Dar es Salaam au Mombasa, faida iko usiku. Saa nne iwe nyuzi 24, saa saba ipande 26, saa kumi na moja kizime chenyewe, na mlango wenye kihisi ukiachwa wazi kisimame. Anayenunua umeme kwa malipo ya kabla, kama LUKU ya Tanzania, ataiona tofauti kwenye yuniti.

Basi kabla ya kununua kiyoyozi kipya kwa ajili ya waifai tu, mwite fundi asafishe vichujio na kupima gesi ya hicho ulicho nacho. Kikiwa bado kinapoza, kinunulie chipu.