Jibini: umri ndio bei

Wenye maduka wanaoulizwa jibini isiyosumbua tumbo wanashauriwa kuangalia umri wake kwanza. Maziwa ya ng'ombe yana karibu asilimia 5 ya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Maziwa yakigandishwa na kuchujwa, sehemu kubwa hutoka na maji. Inayobaki huliwa na bakteria. Parmigiano Reggiano ya Italia, inayokaa ghalani miezi 12 au zaidi, hubaki na chini ya gramu 0.01 katika gramu 100. Ni ghali, kwani mtaji hulala muda huo wote. Ricotta na jibini nyingine mbichi zina laktosi bado. Hata hivyo, mwenye mzio wa maziwa asiuziwe hata iliyokomaa: protini haiondoki.