Kwera na Yai la Mgeni

Ukiona makuti ya mnazi wa uani yamechanwachanwa yakabaki njiti, ujue ndege waitwao kwera wamehamia. Kutoka Tanga hadi Malindi watu huwalalamikia kwa kelele na kwa kuuchakaza mti, na malalamiko hayo si ya uongo.

Dume hung'ata ukingo wa jani, akaushika kwa mdomo, kisha akaruka. Jani huchanika anavyokwenda, naye huondoka na chane ndefu ya kijani. Husuka kwanza pete moja. Akisimama ndani yake bila kugeuka, husuka chumba cha mayai mbele yake. Kisha hujipinda nyuma, akasuka kiingilio kinachotazama chini.

Hapo huanza kuposa. Hujining'iniza mlangoni kichwa chini, akipiga mbawa na kuonyesha umanjano wake. Jike huingia, akavutavuta nyuzi kwa mdomo, na mara nyingi huondoka zake. Watafiti wa Marekani Nicholas na Elsie Collias waliona kuwa majike hupendelea kiota kibichi. Kikikauka bila kupata mwenyewe, dume hukifumua na kusuka kingine palepale.

Jike akikubali, hutandika nyasi laini, akataga mayai mawili au matatu na kuyaatamia kwa siku 12 hivi. Makinda hulishwa wadudu, na kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya mama.

Lakini yupo ndege mwingine, kekeo, asiyejenga kabisa. Hutaga katika kiota cha kwera, na kinda lake likianguliwa huyasukumia nje mayai ya mwenye nyumba. Kinga ya kwera imo kwenye rangi: jike mmoja hutaga mayai meupe, mwingine ya buluu, mwingine yenye madoa, na kila mmoja hubaki na aina yake. Yai lisilofanana na yake hulitupa.

Je, kekeo asipokuwepo? Kwera wa kisiwa cha Morisi walipelekwa huko kutoka Afrika Kusini mwaka 1886. Wale wa kisiwa cha Hispaniola walitoka Afrika Magharibi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Kote huko hakuna kekeo wa kuwahadaa. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alichapisha matokeo yake: katika visiwa hivyo mayai ya mama mbalimbali yameanza kufanana, ilhali ya mama mmoja yanazidi kutofautiana ndani ya kiota kimoja.