Mgonjwa wa Kiharusi Anapopaliwa



Kama katika kaya yako yuko mtu aliyepatwa na kiharusi, huenda umeona mambo mawili. Akinywa maji, hupaliwa. Akitaka kusema, maneno hayatoki au hayaeleweki. Wengine husema amerogwa, au amepotewa na akili. Sivyo. Ubongo wake umeumia, na wewe unaweza kumsaidia.

KWA NINI ANAPALIWA?

Kiharusi hutokea mshipa wa damu katika ubongo unapoziba au kupasuka. Mkono na mguu hulegea, na mara nyingi ulimi na koo pia. Kooni kuna njia mbili: ya chakula na ya hewa. Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa kitambo kidogo. Kwa mgonjwa huyu huchelewa kujifunga, na chakula au maji huingia mapafuni. Ndipo hupata nimonia, nayo huweza kumwua hata kama kiharusi hakikumwua.

Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Wengi wao hupona katika wiki chache, wakitunzwa vizuri. Picha za eksirei zimeonyesha kuwa wengine maji huingia mapafuni bila kukohoa. Basi angalia dalili nyingine: sauti kuwa na majimaji baada ya kunywa, chakula kubaki shavuni, mate kutiririka, homa.

UTAFITI UMEONYESHA NINI?

Nchini Australia, utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulifanyika katika vitengo 19 vya kiharusi. Katika baadhi yake wauguzi walifundishwa kushughulikia homa, sukari ya damu na kupima kumeza. Baada ya siku 90, wagonjwa wao waliokufa au kubaki hawajiwezi walikuwa wachache kuliko wa vitengo vingine.

Nchini Japani, utafiti wa mwaka 1999 na 2002 katika nyumba za kutunzia wazee ulionyesha kuwa wazee waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo walipata nimonia kidogo zaidi. Sababu ni kwamba vijidudu vya kinywani hushuka mapafuni pamoja na mate.

UFANYE NINI?

1. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukipotea ghafla, mpeleke zahanati mara moja. Usimpe chakula, maji wala dawa kwa mdomo mpaka mhudumu apime kumeza kwake.

2. Usimlishe amelala. Mkalishe wima, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula.

3. Tumia kijiko kidogo. Subiri ameze kabla ya kumpa kingine. Kama mkono mmoja una nguvu, ashike kijiko mwenyewe. Akikohoa, acha kwanza.

4. Uliza zahanati chakula gani kinamfaa. Maji hupita upesi kooni; kwa wagonjwa wengi uji mzito na laini ni rahisi zaidi. Maharagwe yapondwe na maganda yatolewe.

5. Msafishe meno na ulimi baada ya kila mlo, kwa mswaki au kitambaa safi chenye maji kidogo.

KUHUSU USEMI

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa akitamka silabi moja tu, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Aliona jeraha upande wa kushoto, mbele. Basi kukosa maneno si kukosa akili. Usimseme mgonjwa mbele yake kana kwamba hasikii.

Sema naye polepole, sentensi fupi. Uliza maswali ya ndiyo au hapana. Ajibu kwa kichwa au kwa mkono. Jaribu kila lugha anayoijua. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Albert Pitres alieleza kuwa mtu wa lugha nyingi huweza kurudiwa na lugha moja kabla ya nyingine. Akiwa Mrundi na haelewi tena Kiswahili, mwambie mhudumu. Siku ya mgao au ya kuhakiki majina, ndugu afuatane naye.

Kumbuka: shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi. Aliyepewa dawa zake asiziache hata akijiona mzima.