Je, Wajua? Metali Inayoogopa Asidi Moja Tu

Simama Malaba, kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, uangalie ubavuni mwa trela zilizobeba kemikali kali. Utaona kibandiko chenye umbo la almasi, juu cheupe, chini cheusi, na namba 8 kwenye ncha. Hata asiyejua kusoma huelewa mchoro wake: matone yanadondoka, mengine yanakula mkono, mengine yanakula chuma.

Lakini si kila metali huliwa. Tantalamu, ya kijivu na nzito kuliko risasi, huzamishwa katika asidi ya salfuriki au ya nitriki, hata katika ule mchanganyiko unaoyeyusha dhahabu, ikatoka kama ilivyoingia. Msuidi Anders Ekeberg aliitambua mwaka 1802, akaiita kwa jina la Tantalus, mfalme wa ngano za Kigiriki aliyesimamishwa majini na kiu yake, asiweze kunywa hata tone.

Siri yake ni vazi. Ikiguswa na hewa hujifunika utando wa oksidi mwembamba mno, hata tabaka elfu kumi hazifikii unene wa unywele mmoja. Titani na chuma kisichoshika kutu hujikinga vivyo hivyo.

Floridi, iliyomo katika asidi ya haidrofloriki, ndiyo inayolivua vazi hilo, na haifanyi kazi peke yake. Ndani ya asidi, haidrojeni huing'oa oksijeni ya utando na kuifanya maji. Floridi nazo huizingira atomu ya tantalamu, saba kwa moja, zikaondoka nayo. Metali ikijivika upya, huvuliwa tena. Pasipo uchachu, floridi haifui dafu.

Ajabu ni kwamba adui huyu ndiye aliyetuletea metali yenyewe. Katika mawe ya koltani, kama yale ya Rubaya huko Kivu Kaskazini, tantalamu na metali nyingine, niobiamu, zimeshikana kama pacha. Mwaka 1866 Marignac wa Geneva alizitenganisha kwa chumvi za floridi, na hadi leo viwanda huyeyusha mawe hayo kwa asidi ya haidrofloriki. Ukitaka kuona tantalamu inakoishia, mwombe fundi wa simu pale Busia akufungulie bodi kuukuu. Huenda ukaona kitofali cha manjano, kidogo kama punje ya mchele, chenye mstari upande wa chanya. Hiyo ni kapasita ya tantalamu, na kinachozuia umeme usipenye humo ni utando ule ule.

Asidi ya haidrofloriki ikiwa hafifu haichomi papo hapo. Hupenya ngozi kimyakimya, ikafuata kalsiamu mpaka mfupani. Namba yake ya kimataifa kwenye mizigo ni 1790. Ukiiona kwenye pipa linalovuja, usikaribie, usichote. Aliyerukiwa aoshwe kwa maji mengi, akimbizwe hospitali hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe mapema kwamba ni floridi.